Singa za Mgongo wa Nguruwe Mwitu

Zamani mvuvi wa barafu alimchagua mlinzi wa ufito wake kama baba anavyomchagua mkwe, taratibu na kwa maswali mengi. Siku hizi anachota pakiti ya plastiki dukani bila kuitazama, na wengine hawachoti kitu, wanamtazama samaki kwenye kioo kama watazamavyo mpira.

Mlinzi ndilo jina ambalo watu wa Zapan, mji mdogo wa kando ya bwawa, walikipa kile kijiti chembamba kinachopinda, kinachofungwa kwenye ncha ya ufito. Mshipi hupita juu yake, chubwi dogo lenye ndoano huning'inia chini ya barafu, na mlinzi huinama kidogo kama unyusi wa mtu anayewaza. Sangara akigonga, mlinzi anapiga kichwa chini mara moja. Yule samaki bapa, mpana kama sinia, yeye hukinyanyua chambo, na mlinzi huinuka. Mjinga hukaa akishangaa uzito umekwenda wapi. Mlinzi mgumu hasemi kitu. Mlinzi laini kupita kiasi anasema uongo, maana hata upepo humtikisa. Kumpata wa katikati ilikuwa elimu, na kwa kuwa elimu hiyo haikuwa na cheti, hakuna aliyejali kuihifadhi.

Aliyekuwa nayo kuliko wote alikuwa Saveli Demyanovich. Kwa miaka thelathini na mmoja alinoa misumeno katika kiwanda cha mbao, jino baada ya jino, mpaka wakubwa walipokifunga kiwanda, mashine zikauzwa kwa uzito kama chuma chakavu, na paa likaachiwa kunguru. Mkewe alikuwa ameshazikwa. Kilichobaki kwake ni barafu ya bwawa, miezi mitano ya kila mwaka, na watu wawili wa kukaa nao juu yake. Hakuwa na kingine, wala hakutaka kingine.

Wa kwanza alikuwa Nikifor, aliyewahi kuendesha garimoshi dogo la magogo: mwili kama pipa na mdomo usio na mlango. Wa pili alikuwa Zakhar, mchochea tanuri, mwembamba, msemaji wa maneno machache, lakini kila neno lake lilikata. Wao walimwita Saveli kwa jina la baba yake tu, tena limefupishwa, Demyanich, kama wanavyoitana watu waliozeeka pamoja.

Kila Novemba, maji ya bwawa yalipoanza kushika ganda pembezoni, watatu hao walikutana jikoni kwa Nikifor kuchagua walinzi wa msimu. Mtungi wa kioo wa lita tatu, uliokuwa na matango ya chumvi hadi jana yake, ulioshwa ukajazwa maji na kuwekwa katikati ya meza. Kila mtu alifungua kopo lake. Humo mlikuwa na walinzi wa kamani za saa, walinzi wa plastiki iliyokwanguliwa kwa kipande cha chupa, na walinzi wa singa za nguruwe mwitu, walio bora kuliko wote kwa sababu baridi haiwavunji na barafu haiwagandi. Mtu alishika ufito mkononi mwake, akashusha chubwi ndani ya mtungi, na wenzake wakahukumu.

"Huyo amelewa," Nikifor angesema. "Mtoe nje apunge hewa."

"Na wako ni polisi," Zakhar angejibu. "Anaona kila kitu isipokuwa mwizi."

Ustinya, mke wa Nikifor, alizunguka na birika. "Mkinimwagia maji kwenye kitambaa, nitawavua ninyi, mmoja mmoja."

Zamani walikuwa wanne. Wa nne, Prokop, alikuwa na moyo mbovu na hakumwambia mtu. Alianguka kifudifudi kando ya tundu lake, Nikifor akamburuta kilomita nne kwenye sleji hadi ukingoni, akimsemesha njia nzima, kumbe anasemesha maiti. Siku ya matanga Nikifor aliapa mezani, mbele ya mjane: "Mgonjwa hakanyagi barafu na mimi tena. Awe ndugu yangu, awe baba yangu mzazi." Na Nikifor alikuwa mtu wa kushika alichosema.

Kwa hiyo Saveli alipoona mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, alinyamaza.

Ulianza Septemba, akichimba viazi. Alisimama kupumzika, akaona kidole gumba na cha shahada vinasuguana vyenyewe, kama vya mtu anayeviringa punje ya mkate. Alivitazama kama vitu vya mtu mwingine. Daktari wa wilayani, binti mdogo mwenye miwani, alimwambia atembee, ageuke, agonge meza kwa vidole. Kisha akasema, "Haya hayaponi, Saveli Demyanovich. Tunayapunguza mwendo tu." Akampa vidonge. Njiani Saveli alinunua mwenyewe matone ya mizizi ya kutuliza mishipa, yale yanayonuka kama soksi iliyooza, kwa sababu mama yake aliyaamini.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo Saveli alilijua. Lakini alijua pia kwamba akisema, Nikifor atamfungia barafu, na bila barafu asingekuwa na sababu ya kuwaona wale wawili. Watu hawa hawakuwa wa kutembeleana bure.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lisilotarajiwa na yeyote. Msimu ule Saveli alivua kuliko alivyowahi kuvua maishani.

Mwenye kuvua kwa chubwi anajua kwamba samaki wa chini ya barafu huamshwa na mtetemo. Mvuvi hujifunza miaka mingi kutikisa ncha ya ufito kidogokidogo, harakaharaka, na baada ya dakika mbili kifundo kinachoka. Mkono wa Saveli haukuchoka. Ulitetemesha chubwi asubuhi hadi jioni, mtetemo mdogo, sawasawa, ambao mtu mwenye afya hawezi kuuiga. Samaki akigusa, mtetemo wa mlinzi ulikatika, naye Saveli akavuta. Sangara walilundikana kando ya sanduku lake kama kuni.

"Demyanich, unawasomea nini hao?" Nikifor alipaza sauti kutoka tundu lake. "Mimi nimekaa hapa tangu alfajiri, nimepata mmoja, na huyo naye nadhani alikuja kuuliza njia."

"Ni mlinzi," Saveli alijibu. Aliutoa uongo huo upesi, maana alikuwa ameuandaa. "Ni singa mpya. Yeremei mwindaji aliua dume zee la nguruwe mwitu mwezi wa kumi na moja. Nimechukua za mgongoni, juu ya mabega."

"Basi tugawie, bahili we!"

Akawagawia. Aliwatengenezea walinzi watatu kila mmoja, kutoka kishungi kilekile, akawakwangua kwa wembe, akawatia rangi nyekundu ya kucha kwenye ncha. Alifanya kazi hiyo kwa siku tisa, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Walikuwa walinzi wazuri kuliko wowote aliowahi kutengeneza. Wale wawili waliwafunga kwenye fito zao, wakaenda barafuni, wakakaa, wakapata walichokuwa wakipata siku zote.

Wiki mbili Nikifor alivumilia. Kisha akaja, akasimama juu ya tundu la Saveli, kivuli chake kikafunika sanduku na samaki.

"Hebu niambie, Demyanich, wewe na mimi tunajuana tangu lini?"

"Tangu kabla hujaota tumbo."

"Sasa mbona umetupa singa za kwapani? Za mgongoni umebaki nazo mwenyewe."

"Ni kishungi kimoja, Nikifor. Naapa."

Zakhar naye alikuwa amefika. Hakubishana. Alinyoosha mkono. "Tubadilishane fito."

Wakabadilishana. Zakhar akaketi na ufito wa Saveli, Saveli akaketi na wa Zakhar. Baada ya saa moja Saveli alikuwa na sangara kumi na wanne, Zakhar hana hata mmoja. Mtu yeyote mwenye akili angesema pale pale: basi si mlinzi, ni mkono. Lakini wale walikuwa wamewaamini walinzi maisha yao yote, na mkono wa Saveli ulikuwa ndani ya glavu nene ya manyoya. Zakhar aliegemea karibu, akanusa.

"Ana dawa," alisema.

Ilikuwa kweli kwamba anatoa harufu. Kichupa cha matone kilikuwa sandukuni, chini ya mkate na mafuta ya nguruwe. Nikifor alikikuta siku iliyofuata, Saveli alipokwenda kutoboa tundu jingine kwa keekee. Alimimina nusu yake kwenye kopo la funza wekundu wa chambo, nyingine ikamwagikia koti. Samaki hawakujali. Lakini mizizi ile hulevya paka, na Nikifor alipopita mtaani jioni, paka wa nyumba zote walishuka mapaani wakamfuata kwa wimbo, mmoja akampanda mpaka begani. Mtaa mzima ulicheka. Mwenye duka la mkate alimwita "bwana harusi wa mapaka" mpaka Pasaka.

Nikifor hakucheka. Mtu anayetania wengine hawezi kutaniwa.

"Ulikiweka pale makusudi," alimwambia Saveli. "Ulijua nitakichukua."

"Ni dawa yangu, Nikifor. Ya usingizi."

"Usingizi! Umenilisha aibu, halafu unaniambia usingizi."

Zakhar aliongeza moja tu. "Miaka thelathini tumekula kwenye sufuria moja, kumbe mwenzetu ana kijiko kirefu."

Pale Saveli angeweza kuvua glavu. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kama hilo: kuvua glavu na kunyoosha mkono juani. Alitazama barafu, akatazama watu wale wawili, akawaona kwenye barafu bila yeye, akatia mkono mfukoni. Tangu siku hiyo walitoboa matundu yao mbali na lake, hatua mia, kisha hatua mia mbili. Walisalimiana bado. Dhihaka zilibaki, lakini ziliingia chumvi.

Msimu wa pili ulikuja na hukumu yake. Siku ya mtungi Saveli alifunga kidole kitambaa, akadai amejikata kwa patasi, akawaachia wengine wapime peke yao. Mtetemo ulikuwa umekua. Sasa mlinzi wa singa alipiga vichwa mfululizo kama beberu, na samaki akigusa hakuna aliyejua, samaki wala mvuvi. Ile mitetemo iliyowaita sangara sasa iliwafukuza.

Saveli alikaa nyumbani dirishani, siku baada ya siku, kopo lake limefunguliwa, akitafuta mlinzi wa kumwokoa. Aliwaweka kando walinzi wote wa singa. Akajaribu kamani ya saa ya mkononi, ikatetemeka. Akajaribu kamani ya saa ya mezani, pana zaidi. Ikatetemeka polepole, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Akakata ukanda wa chuma cha msumeno alichokileta kutoka kiwandani miaka hiyo, akaupiga msasa mpaka ukawa kama jani la nyasi, akaufunga. Huo ulitulia. Mkono ulienda mbio, na ncha ikasimama kimya juu ya beseni la maji. Saveli alikaribia kulia kwa furaha. Akachukua uzi, akaufunga kwenye chubwi, akauvuta kwa mkono wa kushoto, kama sangara anavyovuta. Ncha ilisimama kimya. Akavuta kwa nguvu, kama samaki bapa. Kimya.

Aliusogeza ukanda nje kwa unene wa ukucha, ukaanza kutetemeka. Akaurudisha ndani, ukafa. Alifanya hivyo wiki nzima, huku na huko, akitafuta mahali ambapo chuma kingemficha mkono lakini kingemwonyesha samaki. Yeye aliyenoa misumeno elfu kumi alijua tangu siku ya kwanza kwamba mahali hapo hapapo. Kinachopita kwenye ncha ni mwendo tu, na ncha haiulizi mwendo umetoka juu au umetoka chini. Aliendelea kutafuta.

Alienda barafuni na ule ukanda. Alikaa na kurudi na mikono mitupu, mara sita, mara saba.

"Vipi, Demyanich, dawa imeisha?" Nikifor alimwuliza ukingoni, sauti yake ikiwa na raha isiyofichika.

"Imeisha."

"Mungu si Athumani wala si Yeremei," alisema Nikifor, maana alikuwa na desturi ya kuzichanganya methali. "Analipa."

Kiangazi kilipita. Saveli alijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja, na kunywa supu bakuli likiwa mezani, yeye akiinamia. Ilipofika Novemba ya tatu aliamua. Kijiko kilikuwa kimemshinda. Barafu angeishika kwa muda gani tena? Afadhali wamjue mgonjwa kuliko wamdhanie mchoyo. Pengine, alijiambia, Nikifor atalegeza kiapo. Pengine watamwacha akae tu, bila ufito, awachagulie walinzi. Jicho lake lilikuwa bado zima. Siku ya mtungi alinyoa ndevu, akajikata mara mbili, akaenda.

Mezani hapakuwa na mtungi.

Palikuwa na sanduku jeusi lenye kioo na waya mrefu, na Nikifor na Zakhar wameinama juu yake, vichwa vimegusana, kama watu wanaosoma barua ya mirathi.

"Ingia, ingia, Demyanich! Tazama mambo. Tumechanga mimi na Zakhar, tumeagiza mjini. Unashusha hiki majini, na samaki yuko hapa, unamwona anakohoa."

"Na walinzi?" Saveli aliuliza.

"Walinzi wa nini tena? Unamlinda mtu unayemwona?" Nikifor alicheka. "Nimewatupa. Na wale wako wa kwapani nimewatupa wa kwanza."

Zakhar hakuinua kichwa. Alikuwa akibonyeza kitufe, na kwenye kioo mstari mwekundu ulipita kuonyesha kina cha sakafu ya jikoni.

Saveli alikaa pembeni ya kiti, mikono mapajani chini ya meza, mmoja umeushika mwingine. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa mdomoni. Lakini yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya meza yenye mtungi. Angewaambia nini? Nipeni huruma, maana jicho langu nalo hamlihitaji?

Ustinya akamwekea chai, gilasi imejaa mpaka ukingoni, katika kishikio chake cha chuma. Katika nyumba ile mtu alikunywa chai au alieleza kwa nini.

"Sitakunywa, Ustinya. Asante."

Nikifor aligeuka taratibu.

"Chai yetu nayo imekuwa ya kwapani?"

"Nimetoka kunywa, Nikifor."

"Umetoka kunywa." Akarudi kwenye kioo chake. "Haya bwana. Mlango unaujua."

Ustinya alimfuata mpaka barazani, mtandio kichwani. Jikoni alikuwa amesimama upande ambao meza haikuificha mikono ya Saveli. Akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, na mkono ukaendelea kupigapiga ndani ya viganja vyake kama kuku aliyeshikwa.

"Tangu lini huu, Saveli Demyanich?"

"Tangu jana."

"Usinidanganye mimi. Mimi si samaki. Kumbe wakati ule wote, wale sangara... Mungu wangu. Niwaambie?"

"Usiwaambie."

"Wanakudhania mbaya, mzee wangu."

"Wacha wanidhanie. Mchoyo wanamtukana. Anayetukanwa bado ni mtu." Akauchomoa mkono, akashuka ngazi bila kushika ukuta, kwa kuwa alijua anatazamwa.

Hakwenda tena barafuni. Kila asubuhi alisimama dirishani, akahesabu vinukta vyeusi juu ya weupe wa bwawa, akajaribu kutambua kipi ni Nikifor. Siku hizi wote wanakaa ndani ya mahema, huwezi kumtambua mtu.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Februari, mbele ya duka la mkate. Walikuwa wanatoka na sleji yao, hema na sanduku jeusi vimefungwa kwa kamba. Saveli alitia mkono mfukoni na kusubiri. Alikuwa ameandaa jibu, lolote ambalo Nikifor angesema, na moyo wake ulichangamka kidogo kwa kulisubiri.

Nikifor alivua kofia.

"Habari za asubuhi, Saveli Demyanovich," alisema. "Afya yako inaendeleaje?"

Saveli akajua kwamba Ustinya amesema.

"Naendelea. Na hicho kioo chenu? Kimeshajifunza kupika supu?"

Alisubiri tena. Zakhar, mwenye ulimi wa wembe, alikuwa akitazama theluji kwenye viatu vyake. Nikifor alitabasamu kwa upole, kama mtu anavyotabasamia mtoto wa jirani.

"Umesema kweli kabisa, Saveli Demyanovich. Haya, usisimame kwenye baridi. Ukihitaji kuni, au chochote, mwambie Ustinya."

"Kuni ninazo."

"Haya. Vizuri sana."

Wakashika sleji, Nikifor mbele na kamba kifuani, Zakhar nyuma akisukuma. Walipofika mbali kidogo, wakidhani hawasikiki, Zakhar alisema jambo, Nikifor akamjibu kwa tusi kubwa la zamani, la enzi za garimoshi, na wote wawili wakacheka mpaka sleji ikaenda upande. Wakainyoosha. Kisha wakaanza kushuka mteremko wa bwawa, kwanza akatoweka Nikifor, halafu sleji, halafu mgongo wa Zakhar.